Miguu ya Nyuma ya Punda

Kama kulikuwa na mtu mtaani ambaye hajasikia kwamba Opereta aliwahi kuigiza kwenye sinema, basi mtu huyo alihamia asubuhi ile ile na kabati lake bado lilikuwa kwenye gari.

Opereta alizungusha filamu kwa miaka thelathini na moja katika chumba cha juu cha jumba la sinema, chumba chenye joto la tanuri na tundu moja la kuchungulia, mpaka jumba lenyewe likafungwa likawa duka la magodoro. Alistaafu yeye na projekta yake. Namna ile mashine ilivyofika nyumbani kwake ilitegemea umemuuliza siku gani. Jumatatu aliibeba mgongoni ngazi themanini. Ijumaa ilimfuata yenyewe.

Lakini hadithi ya projekta ilikuwa mtoto mdogo mbele ya hadithi ya punda.

Akiwa na miaka kumi na tisa, alisema, walikuja wapiga picha kutengeneza filamu ya vichekesho juu ya wezi wawili wanaojificha ndani ya punda wa kitambaa. Yeye alikuwa mbeba nyaya tu. Mwigizaji wa miguu ya nyuma akashikwa na kwikwi, punda akawa anaruka kwa nyuma kila baada ya sekunde tatu huku mbele ametulia tuli. Mwongozaji akageuka huku na huku, akamwona kijana mwenye miguu miwili mizima. "Wewe," akamwambia, "ingia."

Hiyo ni hadithi ilivyokuwa mwaka wa kwanza. Mwaka wa kumi, mwongozaji alikuwa analia machozi kwa uzuri wa hatua zake. Mwaka wa ishirini, punda watatu wa kweli walikuwa wanamsindikiza mpaka mlangoni kwa heshima. Mwaka wa arobaini, mmoja wao alileta posa.

Hadithi hizi zilikuwa na makao yake maalumu: benchi la mbao ndani ya duka la kinyozi, chini ya kioo, pembeni ya kopo la poda. Mwenye duka, Kinyozi, alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mtu mfupi mwenye mikono myepesi na moyo wa kesi. Kwa miaka thelathini Kinyozi alikata nywele huku akikata maneno ya Opereta.

"Shemeji," alikuwa akisema, mkasi ukimlia hewani, "tuseme filamu ipo. Tuseme punda yupo. Wewe uko ndani, nyuma, umeinama, umefunikwa kitambaa. Sura yako haionekani. Sasa hata mimi nikisema ile ni miguu yangu, nani atanipinga?"

"Wewe ulikuwa unanyonya!"

"Ndiyo maana nasema. Hata mtoto anayenyonya ana ushahidi sawa na wako."

Benchi zima lingecheka, na Opereta angejibu kwa kuongeza punda wa nne.

Mambo yakageuka mwanzoni mwa miezi ya joto. Dada wa Maktaba, mwanamke mwenye miwani ya kamba na subira ya kupanga vitabu, aliona watu hawalali kwa joto, wanazunguka tu nje wakigombana juu ya zamu za maji. Akaamua kuwachekesha. Akaandika barua kwa watu wanaotunza filamu za zamani, akaazimwa makopo manane ya vichekesho, vile vya picha nyeusi na nyeupe ambavyo watu wanatembea haraka kama wanawahi choo. Akabandika tangazo: Jumamosi Nane za Kucheka, uani nyuma ya maktaba, njoo na kiti chako. Kisha akamfuata Opereta amwombe azungushe mashine.

Opereta alipitisha macho kwenye orodha. Alipofika kopo la nane akakaa chini, na hapakuwa na kiti.

"Ni yenyewe," alisema. "Ya punda."

Habari ilifika kwa Kinyozi kabla Opereta hajainuka. Alipoingia kinyozini alikuta benchi limejaa na shemeji yake amesimama na wembe mkononi kama hakimu.

"Tumalize leo," Kinyozi akasema. "Jumamosi ya nane ikifika, tuone hiyo miguu. Ikiwa ni yako, nitatangaza hapa hapa kwamba nimekuonea miaka yote. Ikiwa si yako, basi, shemeji, hadithi mwisho. Utakaa kwenye benchi, utasalimia, utasoma gazeti, ukiwa na kiu utaomba maji. Lakini hadithi hata moja isitoke kwenye huo mdomo, si hapa, si nyumbani, si barabarani."

Hata Dereva wa Lori, aliyekuwa kitini na povu shavuni, aligeuka kutazama. Kumwambia Opereta asisimulie ni kuyaambia maji yasilowanishe.

"Na nani ataamua?" aliuliza Mwalimu Mstaafu, aliyekuja kila siku kupunguziwa masharubu yasiyohitaji kupunguzwa.

"Dada yangu," alisema Kinyozi. "Kuna mtu anabisha?"

Hakuna aliyebisha. Mke wa Opereta alipima magunia katika ghala la nafaka maisha yake yote, na mtaani walimwita Bi Mizani kwa sababu neno lake halikuzidi wala kupungua. Ukimuuliza kama nguo yako imekupendeza, ulitakiwa uwe umejiandaa. Wakamwita kutoka ng'ambo ya barabara, akaja na kikapu chake.

"Dada," Kinyozi akamuuliza, "miguu ya mumeo unaijua?"

"Nimeikanda, nimeipaka mafuta, nimeikanyaga gizani," alisema Bi Mizani. "Naijua."

"Ukiiona kwenye sinema, imevaa punda?"

"Hata ikivaa meza."

Wakashikana mikono. Opereta alicheka kwa sauti kuliko wote, lakini usiku ule, kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini na tatu ya ndoa, alilala bila kumwambia mkewe kitu chochote cha uongo.

Jumamosi zilianza. Uani nyuma ya maktaba palikuwa na ukuta mmoja tu mweupe, ubavu wa jengo la jirani la ghorofa tatu, na ukuta ule ulikuwa na kidirisha kimoja cha bafu ambacho mwenyewe alikataa katakata kukiziba. Basi kila sura iliyotokea kubwa ukutani ilikuwa na dirisha mahali fulani. Jumamosi ya kwanza, mpishi kwenye filamu alipofungua kinywa apige kelele, dirisha likaangukia kwenye jino lake. Likafunguka. Mwenye bafu akatoa kichwa na mswaki mdomoni aone watu wanachekea nini. Uwanja mzima ukaona mtu anatoka ndani ya jino anapiga mswaki. Dada wa Maktaba alicheka mpaka miwani ikaanguka kwenye ndoo ya barafu.

Jumamosi ya tatu ilikuwa ya wahamishaji wawili wanaopandisha kabati ngazini, na Dereva wa Lori akasimama kwenye kiti akawa anawaelekeza: "Kushoto! Kushoto kwako, mjinga wewe! Nyuma kuna mtu!" Alicheka kama injini inayokataa kuwaka, akipumzika, akijaribu tena. Mwalimu Mstaafu naye alieleza kila kichekesho kabla hakijatokea, hata kwenye filamu ambazo hajaziona, na mara nyingi alikosea, jambo lililochekesha zaidi.

Watu walikuja na viti, mikeka, taulo zilizolowekwa maji shingoni. Opereta alisimama nyuma ya mashine yake, mikono imekunjwa kifuani, akisikiliza mlio wa ukanda kama mganga anasikiliza kifua. Kila aliyemsogelea alimpa somo lile lile.

"Filamu ni mwendo. Huu ukanda unapita mbele ya taa kali. Ukipita, ni picha. Ukisimama, hesabu moja, mbili, tatu ni moshi. Miaka thelathini na moja, sijaunguza hata kipande cha kucha."

Na hili, tofauti na mengine, lilikuwa kweli.

Jumamosi ya nane hakula mchana. Alipiga shati pasi mara mbili, akafuta lenzi mara tatu, akafika uani jua likiwa bado kichwani. Jioni watu walijaa mpaka kwenye ngazi za maktaba. Kiti cha Bi Mizani kiliwekwa mbele kabisa, peke yake, kama cha mgeni rasmi. Pembeni yake akakaa Kinyozi na mfuko wa bisi.

"Dada, macho yako yako sawa?"

"Yanakuona wewe na bisi zako. Sogea."

Taa zikazimwa. Filamu ikaanza: wezi wawili, mmoja mrefu mmoja mnene, wameiba saa ya ukutani ya mkuu wa polisi, na saa inalia kila robo saa kutoka ndani ya koti. Watu walishika mbavu. Opereta hakucheka. Vidole vyake vilikuwa juu ya swichi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa anaogopa. Vipi kama alikumbuka vibaya? Hadithi aliiongezea chumvi kwa miaka mingi mno, na gizani pale hakuwa na uhakika tena kama chini ya chumvi bado kulikuwa na chakula.

Punda akatokea.

Alitokea upande wa kushoto, kichwa kikubwa kama jokofu, sikio moja limelegea. Miguu ya mbele ilienda kwa maringo. Miguu ya nyuma ilifuata kama watu wawili wasiofahamiana. Akasimama mbele ya kituo cha polisi, akasubiri mlango ufunguliwe, na katika kusubiri, mguu wa nyuma wa kushoto ukainuka taratibu ukaanza kuukuna wa kulia.

"Ndiyo mimi!" Opereta akapiga kelele kutoka nyuma. "Mmeniona? Ndiyo mimi huyo!"

"Tumeona nini?" Kinyozi akaruka, bisi zikamwagika. "Inapita mbio! Hakuna aliyeona kitu! Kama ni wewe kweli, isimamishe tuikague!"

"Isimamishe! Isimamishe!" uwanja ukaitikia.

Sasa, mwanafunzi wa siku ya kwanza asingefanya. Mtu aliyewahi kusimama dakika tano karibu na ile mashine asingefanya. Lakini Opereta alikuwa amesubiri nusu ya karne watu waombe kumtazama, na mkono wake ukazungusha swichi.

Punda akaganda ukutani, mguu hewani.

Moja, moyo wake ukajaa. Mbili, akakumbuka. Tatu, doa la kahawia likatokea kwenye paja la punda, likafumbuka kama ua, likala kiuno, likala mkia, likala miguu yote miwili ya nyuma. Ukutani ikabaki nusu ya mbele ya punda, inasubiri mlango kwa utulivu, huku nyuma yake kunachemka.

Kisha uani kote kulilipuka kicheko ambacho Jumamosi saba zilizopita hazikukisikia. Watu walianguka juu ya watu. Dereva wa Lori injini yake iliwaka kabisa na haikuzimika. Mwenye bafu alichungulia, akaona moshi, akamwaga ndoo ya maji dirishani, akawalowanisha watu wa mstari wa mbele.

Opereta alichomoa waya. Alikata kipande kilichoungua, akaunga ukanda, akauzungusha mpaka mwisho. Wezi walikamatwa. Lakini punda hakurudi tena, wala hakukuwa na picha nyingine yake kwenye kopo lile.

Taa zilipowaka, Kinyozi alisimama mbele ya dada yake, bisi moja bado iko kwenye nyusi.

"Haya, hakimu. Umeona nini?"

Bi Mizani alikunja kitambaa alichokuwa akijifutia maji.

"Cha mwisho nilichokiona ni moshi," alisema.

"Umesikia, shemeji? Moshi!"

Opereta alifungua kinywa. Akakifunga. Mkataba ulikuwa umeanza.

Watu walidhani ni mzaha mpaka Jumatatu. Opereta alikuja kwenye benchi saa zake zile zile, akasema "Habari za asubuhi," akafungua gazeti. Dereva wa Lori akamchokoza: jana barabarani kaona nyoka mrefu kama mkono. Gazeti likatetemeka. Kila mtu alijua kwamba ndani ya Opereta kulikuwa na nyoka mrefu kuliko treni, nyoka aliyewahi kuchanganywa na barabara na kupakwa lami, anasukuma meno atoke. Jasho likamtoka. Akaomba maji.

Kinyozi alifurahi Jumatatu. Jumanne akasema pametulia kweli, sasa mtu anaweza kusikia mkasi wake. Jumatano alianza kusikia mambo mengine: nzi, saa, tumbo la mteja. Akaona ajaribu mwenyewe kusimulia.

"Juzi," alisema, "bomba langu la jikoni lilikuwa linavuja."

Benchi likageuka kumsikiliza.

"Nikamwita fundi. Akaja. Akalikaza."

Wakangoja.

"Basi sasa halivuji."

Watu wawili walikumbuka wana shughuli.

Na hapo ndipo Kinyozi alipogundua kitu ambacho miaka thelathini ya kazi haikumfundisha. Alijidai siku zote kwamba mkono wake ni mwepesi. Kumbe wateja walitulia kwa sababu walikuwa wanasikiliza. Mtu anayengoja kujua punda alijibiwa nini kuhusu ile posa, shingo yake haichezi. Bila hadithi, vichwa vilianza kutembea. Walipiga miayo, waligeuka kutazama barabara, walijikuna. Dereva wa Lori alitoka na ngazi tatu kisogoni. Alhamisi Mwalimu Mstaafu alisinzia kitini, kichwa kikadondoka mara moja tu, na nusu ya masharubu yake ikadondoka nacho.

Jioni ile Bi Mizani alikuwa anachambua mchele sebuleni, redio inalia kwa sauti ya chini, mumewe amekaa pembeni kama mzigo usio na mwenyewe. Mlango ukagongwa. Akaingia Kinyozi, na nyuma yake Mwalimu, ameshika mkononi masharubu yaliyofungwa kwenye kipande cha gazeti.

"Kielelezo," alisema Mwalimu, akakiweka mezani.

"Dada," Kinyozi akasema, "mfungulie mtu wako mdomo. Naangamia."

"Mimi nilimfunga? Mkataba ni wenu."

"Wewe ndiye uliyeamua!"

"Mimi niliulizwa nimeona nini—"

"Ukajibu moshi! Moshi tu!"

"—nikajibu kuanzia mwisho. Hukungoja nimalize. Ulishaanza kushangilia."

Opereta akainua kichwa polepole.

"Mama watoto," alisema, na sauti yake ilikuwa na kutu ya siku tano. "Kabla ya moshi. Kabla ya moshi uliona nini?"

Bi Mizani alitoa jiwe kwenye mchele, akalitazama, akalitupa.

"Niliona punda anasubiri mlango ufunguliwe, anajikuna mguu wa kulia kwa mguu wa kushoto. Kila asubuhi ya Mungu nachemsha chai, na kila asubuhi unasimama mlangoni mwa jikoni unaisubiri, unajikuna hivyo hivyo. Miaka arobaini na tatu. Umetoboa soksi nyingi nilizokushonea. Miguu ni yako. Nilijua kabla hujapiga kelele."

"Na siku zote hizi ukanyamaza!"

"Hakuna aliyeniuliza tena." Akafikiri kidogo, kwa sababu neno lake halikupungua. "Na nimesikiliza redio mpaka mwisho wa kipindi siku tano mfululizo. Sikujua hata kwamba vipindi vina mwisho."

Opereta alimtazama. Alitaka kukasirika, akatafuta hasira kila mfuko, hakuipata. Akasimama, akambusu mkewe kwenye paji la uso, punje za mchele zikamwagika zote chini, naye Bi Mizani akamwambia aziokote mwenyewe, maana yeye ni nyota wa sinema, si mlemavu.

Ijumaa asubuhi kinyozini hapakuwa na pa kukanyaga. Kinyozi alipanda juu ya kigoda, akatangaza kama alivyoahidi kwamba shemeji yake ni mkweli, ile miguu ni yake, na yeye amemwonea miaka yote. Watu wakapiga makofi. Opereta akakaa kwenye benchi lake, akanyoosha shati, akakohoa kikohozi cha mtu mwenye siku tano za maneno tumboni.

"Sasa," akaanza, "siku ile nilipoingia ndani ya punda…"

"Ndiyo, uliingia," alisema Dereva wa Lori.

"Mwongozaji akaniambia…"

"Akakwambia ingia. Tunajua."

Mwalimu alikuwa kitini, amekuja kusawazishiwa nusu ya pili. Alipiga mwayo. Nzi alipita. Kinyozi alijaribu kubisha kwa mazoea, akafungua kinywa, akakosa pa kushikia, kwa sababu ametoka kuapa sasa hivi kwamba yote ni kweli.

Opereta aliwatazama mmoja mmoja. Hadithi aliyoibeba nusu ya karne ilikuwa imekufa mikononi mwake, na aliyeiua ni ukweli. Kinyozi aliingiwa na hofu, akasogeza wembe mbali na uso wa Mwalimu.

Kisha Opereta akashusha sauti.

"Lakini sijawahi kuwaambia," alisema, "kuhusu miguu ya mbele."

Wembe ukasimama hewani.

"Ya mbele ilikuwa ya nani?" aliuliza Mwalimu.

"Swali zuri, Mwalimu. Swali zuri sana. Kwa sababu yule bwana wa mbele alipozimia kwa joto, na mwongozaji hana mtu, na jua linazama…"

"Shemeji," alisema Kinyozi, na uso wake ulikuwa unang'aa kama wa mtu aliyerudishiwa mali, "usithubutu. Usithubutu kuniambia ulikuwa mbele na nyuma kwa wakati mmoja."

"Ilibidi nikimbie haraka sana," alisema Opereta.

"Muongo wewe!"

Dereva wa Lori akavuta kigoda. Watu waliokuwa nje wakaingiza vichwa dirishani. Na kitini, shingo ya Mwalimu ilikuwa imetulia tuli, na Kinyozi akainua wembe.